Moyo Ulioelemewa si Moyo Uliolaaniwa

Katika miji yetu ya mpakani, kuanzia Busia hadi Malaba na kupanda mpaka Angurai, Moding na Chelelemuk, imeenea rai moja ambayo imekwisha kukomaa hata watu huidhania kuwa sehemu ya imani yenyewe, nayo ni hii: kwamba mtu aliyeokoka hapaswi kuelemewa moyo kwa ajili ya dhambi, na kwamba akielemewa, basi moja katika mambo mawili ni kweli, ama wokovu wake haukuwa wokovu, ama amefungwa na laana ya ukoo ambayo sharti ivunjwe na mtumishi mwenye upako, kwa makemeo, kwa mkesha, na aghalabu kwa sadaka maalumu. Rai hii huhubiriwa katika mikutano ya sokoni, hurudiwa redioni, husimuliwa katika shuhuda, na anayethubutu kuitilia shaka huhesabiwa kuwa mtu wa dini baridi asiyezijua nguvu za Roho. Mimi nathubutu kuitilia shaka. Nadai kwamba moyo ulioelemewa na dhambi, katika kifua cha mtu anayemwamini Kristo, ni dalili ya dhamiri ambayo ingali hai. Kwamba faraja ya moyo huo imekwisha kuwekwa mahali pamoja tu, yaani katika ahadi ya msamaha iliyotiwa muhuri msalabani. Na kwamba kila anayemwelekeza mwenye mzigo mahali pengine, kwenye hisia zake, kwenye ukoo wake au kwenye mfuko wake, humzidishia mzigo huku akijidai kumtua.

Insafu yataka tuanze kwa kuwapa wenzetu haki yao, maana hoja isiyoelezwa vema haiwezi kujibiwa vema. Wao husema, kwanza, kwamba Mtume Paulo katika waraka wake wa pili kwa Wakorintho, sura ya 5, hufundisha kuwa aliye ndani ya Kristo ameumbwa upya. Na mtu aliyeumbwa upya ataugulia vipi mambo ya utu wake wa kale? Pili, furaha na amani zimetajwa katika waraka kwa Wagalatia kuwa ni matunda ya Roho, na mti usiotoa matunda yake una kasoro katika mizizi. Tatu, Torati yenyewe, katika kitabu cha Kutoka sura ya 20, yaonya kwamba uovu wa wazazi hufuatiliwa hata kwa wajukuu na vitukuu. Nne, wako watu wazima wenye akili timamu, watu tunaowajua na kuwaheshimu, wanaoshuhudia kwamba walifika mkutanoni na kifua kizito wakaondoka wepesi. Na tano, jambo ambalo hawalisemi kwa sauti kuu ingawa ndilo lililowapa wafuasi wengi, makanisa yetu ya zamani yalizoea kuungama kila Jumapili kwa maneno yaliyopigwa chapa kitabuni, midomo ikienda mbio na macho yakitazama saa, hata watu wakaona heri kelele yenye uhai kuliko ukimya usio na kitu ndani yake. Hayo si maneno ya wajinga, wala sitayajibu kana kwamba ni ya wajinga.

Walakini mafundisho hupimwa pia kwa kazi yanayoifanya yanaposhuka kutoka jukwaani na kuingia katika maisha ya mtu mmoja. Mpita njia katika soko lolote la huku kwetu, jioni ya siku ya gulio, huyajua mandhari hayo bila ya kuelezwa: viti vya plastiki vimepangwa, jenereta inanguruma nyuma ya hema, spika mbili zimeinuliwa juu ya meza, na mkalimani anaidaka kila sentensi ya Kiswahili na kuigeuza Kiteso kabla mhubiri hajavuta pumzi. Tuseme miongoni mwa waliopita mbele yumo mama mchuuzi wa nafaka. Kila anayenunua mahindi au wimbi hapa kwetu hulijua gorogoro, lile kopo la kilo 2 ambalo ndilo mizani ya wanyonge. Na kila mwenye macho ajua pia kwamba yako magorogoro ambayo kitako chake kimegongwa kwa nyundo kikabonyea ndani, ili mnunuzi aone kopo limejaa hata likafanya kilele, ilhali viganja viwili vitatu vya nafaka yake vimesalia katika gunia la mwuzaji. Mama huyu ameokoka zamani, huimba katika kwaya, hufunga na kuomba. Na gorogoro lake limebonyezwa. Usiku usingizi humpaa. Amekuja mbele analia, naye mtumishi hamwulizi hata neno moja la biashara yake. Amwuliza jina la babu yake, amwuliza babu huyo alizikwa vipi, amwuliza kama katika ukoo hakuwako mwanamke aliyeshika uganga. Na haupiti muda mrefu kabla laana haijapatikana, ikakemewa, ikatangazwa kuwa imevunjika, na mama akapewa namba ya simu ya kutumia sadaka ili mlango ule usifunguke tena. Arudi nyumbani mwepesi. Asubuhi yake aenda sokoni na kopo lile lile.

Hapo ndipo unapoanza ugomvi wangu na rai hii, maana mama yule hakufarijiwa, alitiwa ganzi. Dhamiri yake ilikuwa ikimwambia kweli, nayo ilinyamazishwa kwa kuambiwa kwamba si dhamiri, ni pepo wa babu. Marehemu asiyeweza kujitetea ametwikwa deni ambalo si lake, wanunuzi waliopunjwa hawakurudishiwa chochote, na yule aliyepunja amefundishwa kuwa maumivu ya kutenda dhuluma hutibiwa bila ya dhuluma kuguswa. Wazee wetu walikuwa na waaguzi wao, ambao Wateso huwaita imurok, na kazi ya emuron aghalabu ilikuwa ndiyo hii: kuitafuta asili ya taabu katika nasaba au katika uadui wa jirani, na kuagiza kile kitakachotolewa ili taabu iondoke. Siwadharau wazee kwa hilo. Walitumia maarifa waliyokuwa nayo. Wa kustaajabiwa ni yule anayewakemea imurok kutwa kucha kwenye kipaza sauti, kisha akaitwaa kazi yao yote, hatua kwa hatua, na kubadili mavazi tu.

Natuziangalie sasa hoja zenyewe. Ile ya vizazi vitatu na vinne ndiyo inayotajwa sana, nayo ndiyo inayosomwa nusunusu. Katika zama za nabii Ezekieli, Wayahudi waliokuwa uhamishoni walikuwa na mithali yao ya kuwalaumu wazazi kwa masaibu ya watoto, na sura ya 18 ya kitabu chake yote nzima imeandikwa kuipiga marufuku mithali hiyo: mwana hatachukua uovu wa baba, wala baba hatachukua uovu wa mwana, na kila nafsi itasimama na hesabu yake yenyewe. Na katika Injili ya Yohana, sura ya 9, wanafunzi walipomwona kipofu tangu kuzaliwa wakauliza kama ni dhambi yake au ya wazazi wake, Bwana Yesu aliyakataa yote mawili, akamponya mtu yule bila kumwuliza habari za ukoo wake. Kwamba makosa ya wazazi huwaumiza watoto, nani atakanusha? Mlevi huwaachia wanawe umaskini, na baba mkatili huwaachia hofu. Lakini kuumizwa na dhambi ya mtu ni jambo moja, na kuwa na hatia yake ni jambo jingine; na mhubiri asiyeweza kuyapambanua haya mawili hafai kukabidhiwa nafsi ya mtu usiku wa manane.

Ama ile hoja ya kiumbe kipya, hujibiwa na viumbe vipya wenyewe. Daudi alipoitunga zaburi ambayo kwetu ni ya 51, hakuwa mpagani anayegonga mlango wa imani kwa mara ya kwanza. Alikuwa mpakwa mafuta wa Mungu na mfalme aliyekwisha kukalia kiti chake, na nabii Nathani alipomjia hakumtafutia laana katika nyumba ya Yese, alimsimulia kisa cha tajiri na kondoo wa maskini, kisha akamwelekezea kidole yeye mwenyewe. Petro alipotoka nje usiku ule akalia kwa uchungu, alikuwa amekwisha kumkiri Kristo na kumfuata kwa muda wote wa kazi yake. Kuhusu sura ya 7 ya waraka kwa Warumi, ambamo Paulo alalama kwamba jema alitakalo halitendi, wako wafasiri wasemao kuwa asimulia hali yake kabla ya kuamini. Nami sina haja ya kushindana nao, kwa kuwa hata tukiwaachia sura hiyo, umebaki waraka wa kwanza wa Yohana, ulioandikiwa watu walioamini, wenye kuwaambia bayana katika sura yake ya 1 kwamba anayejidai hana dhambi anajihadaa, na kwamba anayeziungama dhambi zake humkuta Mungu aliye mwaminifu wa kusamehe. Maneno hayo yangekuwa na maana gani kwa waamini, kama mwamini hawezi kuwa na cha kuungama?

Nenda mbele katika tarikhi ya Kanisa utaona mambo ni yale yale. Mwafrika mmoja, Augustino, alibatizwa mjini Milano mwaka 387, akawa askofu wa Hippo, mji ambao leo uko katika nchi ya Algeria. Na yapata mwaka 397, akiwa amekwisha kuketi katika kiti cha uaskofu, alianza kuandika kitabu chake cha Maungamo, ambamo hakuishia kusimulia wizi wa mapeasi aliokuwa ameufanya ujanani, bali katika sehemu ya 10 alizichambua tamaa zilizokuwa zikimsumbua wakati ule ule alipokuwa akiandika. Possidio, aliyeishi naye na kuandika habari za maisha yake, asimulia kwamba mwaka 430, mji ukiwa umezingirwa na majeshi ya Wavandali na mzee yu katika maradhi ya mauti, aliamuru zaburi za toba zinakiliwe na kubandikwa ukutani mkabala wa kitanda chake, akawa azisoma akilia, na akaomba asiingiliwe na watu ila saa za tabibu na za chakula. Miaka zaidi ya 40 baada ya ubatizo wake! Je, tumwambie mzee huyo kwamba hakuokoka, au tumtafutie laana ya ukoo? Machozi yale yalikuwa ya mtu anayemjua atakayemkuta, na kwa sababu hiyo akaona hakuna haja ya kujificha.

Lakini najua jibu litakalotolewa: hayo ni mambo ya kale na ya makanisa ya vitabu, na sisi ni wana wa Uamsho. Vema; natuuite Uamsho utoe ushahidi. Harakati ya walokole, ambayo iliivuka mipaka hii yetu na kuzaa nyumba nyingi za sala ambazo leo zinaihubiri rai ninayoipinga, huhesabiwa kuwa ilianza katika mkutano wa watu wawili juu ya kilima cha Namirembe mjini Kampala mwaka 1929. Mmoja alikuwa Simeoni Nsibambi, Mganda. Wa pili alikuwa Joe Church, tabibu Mwingereza wa hospitali ya Gahini huko Rwanda, aliyekuja amechoka na kukauka rohoni baada ya taabu na njaa ya miaka ile. Wote wawili walikuwa Wakristo, na wote wawili walikuwa wanaona kwamba wamepungukiwa. Wakakaa na Biblia, wakaomba, wakaungama. Uamsho wenyewe, basi, ulizaliwa na mioyo miwili iliyoelemewa, na kama siku ile angalitokea mtu wa kuwaambia kwamba uzito wao ni laana ya ukoo, pengine tusingeusikia hata kidogo. Kutoka hapo moto ukawaka Gahini, ukaingia Kigezi na Buganda, ukafika Kabete karibu na Nairobi mwaka 1937, na popote ulipofika desturi ya walokole ilikuwa moja: waliookoka walikaa pamoja na kuungama dhambi za juma lile lile, mume mbele ya mkewe, kasisi mbele ya mtumishi wake, kwa kuwa waliamini kwamba kutembea nuruni ni kazi ya kila siku.

Tena hawakuishia kwenye maneno. Watu walirudisha mali walizoiba, wakaleta vyombo vya hospitali na fedha za waajiri wao, na wengine wakalipa kodi walizokuwa wamezikwepa. Festo Kivengere, kijana mwalimu wa Kigezi aliyeokoka mwaka 1941, alipanda baiskeli akaenda safari ndefu kumtafuta Mzungu mmoja aliyemchukia, ili amwambie kwamba alimchukia na amwombe radhi. Na mwaka 1977, baada ya Askofu Mkuu Janani Luwum kuuawa mwezi wa Februari katika utawala wa Idi Amin, Kivengere huyo huyo, sasa akiwa askofu na mkimbizi, aliketi katika kanisa moja mjini London siku ya Ijumaa Kuu akaona kwamba moyo wake umejaa chuki juu ya Amin, akaiita chuki hiyo dhambi, akatubu, na akaandika kitabu cha kusema kwamba anampenda aliyemwulia rafiki. Mtu huyo alikuwa na zaidi ya miaka 30 ya wokovu, na hapana mhubiri wa leo katika Afrika Mashariki anayeweza kumwambia kwamba hakuzijua nguvu za Roho. Wale wanaojiita wana wa Uamsho wamerithi sauti yake na nyimbo zake. Toba yake, ambayo ndiyo iliyokuwa roho yake, wameiacha.

Na katika nchi hii yetu hasara ya kuiacha toba ya namna hiyo ni kubwa kuliko mahali pengi, kwa sababu tunaishi juu ya mpaka. Mwaka 1975 baridi kali iliiharibu mikahawa ya Brazili na bei ya kahawa ikapanda duniani kote, na kahawa ya Bugisu, huko Uganda ya Amin, ikaanza kuuvuka mpaka kwa magendo, usiku na mchana, hata Chepkube, kisoko kilichokuwa hakijulikani upande wa Bungoma, kikawa jina la utajiri wa kulala maskini na kuamka bwana. Wakati huo ulipita, ila magendo hayakupita. Mpaka leo ziko njia za panya, iko chai ya kumpofusha anayepaswa kuona, ziko karatasi zinazotaja mzigo mmoja ilhali lori limebeba mwingine, na wako watu wa makanisani, viongozi miongoni mwao, wanaoishi kwa hayo. Katika mji wa namna hii, mhubiri anayefundisha kwamba uzito wa moyo ni laana ya mababu huwa amewapa wenye hatia kile hasa walichokuwa wakikitafuta: amani isiyowadai kitu ila sadaka. Biashara hiyo si mpya. Mwaka 1517, huko Wittenberg katika Ujerumani, Martin Luther alisimama kuipinga biashara ya vyeti vya rehema, ambavyo wauzaji wake waliwaahidi maskini nafuu ya adhabu kwa fedha. Na zamani zaidi, katika Matendo ya Mitume sura ya 8, Simoni mchawi alipotaka kuinunua karama ya Mungu, Petro alimwambia maneno makali mno. Tofauti ya leo ni kwamba sanduku la fedha sasa limo ndani ya simu.

Hapa mpinzani wangu aweza kuniuliza swali zito, nalo nitalijibu kwa uzito wake. Aweza kusema: wewe umewanyang'anya watu ganzi yao, je, utawapa nini? Utawaacha na dhamiri zao ziwatafune? Utawatuma wakarudishe kila kitu, hata yule asiyejua aliyemdhulumu yuko wapi, hata yule ambaye aliyemkosea amekwisha kuzikwa? La hasha. Mtu akisema kwamba kurudisha ndiyo bei ya msamaha, huyo naye ni mfanyabiashara, ingawa bidhaa yake ni ya heshima zaidi. Zakayo katika Luka sura ya 19 hakurudisha mara nne ili Yesu aingie nyumbani mwake. Yesu alikwisha kumwita ashuke mtini na kumtangazia kwamba atakuwa mgeni wake, ndipo mkono wake ukafunguka. Na yule mhalifu aliyesulubiwa ubavuni pa Bwana, katika sura ya 23, hakuwa na mkono wa kurudisha wala siku ya kurudishia, naye aliahidiwa Peponi kabla jua halijatua. Kwa hiyo msamaha hutangulia, na malipo hufuata kama tunda. Palipo na nafasi ya kulipa, mwenye kusamehewa hulipa, na palipokosekana nafasi, msalaba hauna upungufu.

Ndiyo maana kisa ninachokipenda kuliko vyote, mimi niliyekaa karibu na forodha, ni kile cha sura ya 18 ya Luka, cha watu wawili waliopanda hekaluni kusali. Mmoja alihesabu funga zake na zaka zake. Wa pili alikuwa mtoza ushuru, mtu wa kazi inayojulikana sana Malaba na Busia, naye alisimama mbali, hakuinua macho, alijipiga kifua na kuomba rehema kwa maneno machache sana. Bwana alihukumu kwamba huyo wa pili ndiye aliyerudi nyumbani akiwa na haki. Haikuandikwa kwamba alihisi joto, wala kwamba alianguka chini, wala kwamba alitoka mwepesi. Huenda alishuka ngazi za hekalu akiwa angali analia. Aliyesamehewa alikuwa amesamehewa kwa sababu Mungu amesema, na hisia zake, ziwe zimekuja siku ile au baada ya mwezi, hazikuongeza wala kupunguza hukumu hiyo. Hii ndiyo faraja ya Kikristo, na uzuri wake wote umo katika jambo hili, kwamba inasimama nje ya mtu anayefarijiwa. Faraja iliyojengwa juu ya wepesi wa kifua huanguka siku kifua kinapokuwa kizito tena, nacho hakina budi kuwa kizito tena. Faraja iliyojengwa juu ya neno la Kristo hushika hata usiku ambao mwenye nayo hahisi kitu.

Basi wale wanaoshuhudia kwamba walitoka mkutanoni wepesi, siwakanushi. Namshukuru Mungu kwa ajili yao, ila nawaomba wasiufanye wepesi wao kuwa sheria kwa wengine. Wale wanaozitaja furaha na amani kuwa matunda ya Roho, nawakumbusha kwamba tunda huja kwa majira yake, na kwamba toba ni kazi ya Roho yule yule. Na wale waliochoshwa na maungamo ya midomo tupu wana haki ya kuchoka. Lakini dawa ya ungamo lisilo na moyo ni kuungama kwa moyo, kwa kuitaja dhambi kwa jina lake, na kuacha kuungama kabisa si dawa hata kidogo. Makanisa yetu, tangu Wakatoliki wa Amukura hadi Waanglikana wa dayosisi ya Katakwa, yamehifadhi njia ya mtu kuungama na kutamkiwa msamaha, na sharti la kumsitiri aliyeungama. Hazina hiyo imefunikwa na vumbi kwa uzembe wa walinzi wake, na ni wajibu wao kuitoa nje.

Liko jambo moja la kutahadharishwa. Si kila uzito wa moyo hutokana na dhambi. Yuko mtu ambaye hata akijichunguza haoni kosa la kulitaja, ila halali, hali, na haoni maana ya kuamka. Huyo huenda ni mgonjwa wa sonona, na kumwambia atubu ni kumwonea kama ilivyo kumwonea kumwambia amelaaniwa. Njia yake ni ya hospitali, kama ile ya Kocholya, huku ndugu zake wa imani wakimsindikiza, na mchungaji mwenye hekima humpeleka bila kuona haya.

Lakini kwa yule anayeijua dhambi yake, na imemkalia kifuani, neno langu ni hili. Usiende kaburini kwa babu yako, mwache apumzike. Usitume fedha kwa mtu yeyote ili usamehewe, kwa kuwa msamaha hauuzwi. Enda mbele za Mungu uitaje dhambi yako kwa jina lake, na ukihitaji sikio la binadamu, mtafute kasisi au mzee wa kanisa anayejua kutunza siri. Kama umemdhulumu mtu naye yu hai, nenda kamrudishie. Na kama kopo lako limebonyezwa, lipigie nyundo kutoka ndani mpaka kitako chake kinyooke, ndipo upeleke nafaka sokoni. Kisha amini kwamba umesamehewa, uhisi usihisi, na Jumapili ukaribie meza ya Bwana pamoja na wenye dhambi wenzako.

Na kwenu ninyi wachungaji na wahubiri wa nchi hii, hukumu yangu haina maficho: ambaye hawezi kumwambia mwenye dhambi aliyetubu kwamba amesamehewa kwa ajili ya Kristo, kwa maneno hayo tu, siku hiyo hiyo, bila ya kumtoza senti, huyo hana Injili ya kuhubiri, na heri ashuke jukwaani mpaka atakapoipata.